Sifuri ya Isimeli

Asubuhi hiyo nilipokuwa nikimwaga taka za Isimeli, vidole vyangu viliingia kwenye mafuta ya jodari. Kila siku Isimeli hula samaki wa kopo mezani pake, kisha hutupa kopo pipani na mafuta yake. Karatasi iliyogandana nalo ilikuwa na mwandiko wake: mara milioni mia, sekunde 3.4. Nikaitupa, nikanawa mikono. Harufu haikutoka.

Mimi ndiye mpika chai wa ofisi yetu hapa Suva, ofisi inayokadiria mawimbi ili watu wa pwani waonywe mapema. Siku hiyo Bwana Shalendra, mkubwa wetu, alitaka kuchagua programu moja kati ya mbili, ile yenye kasi zaidi. Mereoni ameandika yake kwa lugha ya zamani, Fortran. Isimeli kwa lugha mpya. Zote mbili zingerudia hesabu ileile ya mawimbi mara milioni mia. Ambaye angeshindwa, mkataba wake ungeisha Ijumaa.

Nilipewa kalamu niandike ubaoni, kwa kuwa siko upande wa mtu. Jina, sekunde, jibu.

"Dada Mere, hiyo lugha yako inatembelea mkongojo," Isimeli akasema. Watu wakacheka.

"Punguza mdomo, wewe. Tazama."

Mereoni akabonyeza. Sekunde 3.1, na chini yake jibu, namba ndefu. Nikaandika zote.

Isimeli akabonyeza. Sekunde 0.0.

"Jamani! Hata kope sijapepesa!" Bwana Shalendra akapiga makofi. "Basi, yamekwisha. Pole, Mere."

Mereoni akaanza kukusanya karatasi zake. Ni yeye peke yake anayeosha kikombe chake.

Niliacha shule darasa la tano, na mbele za watu sauti hunikauka. Nikageukia ubao. "Kaka Isimeli, kwenye jibu niandike ngapi?"

"Andika muda tu, dada wa chai."

"Ngoja," Mereoni akasema, akainamia kompyuta ya Isimeli. "Hujaiagiza itoe jibu! Kompyuta imeona hakuna anayelitaka, ikairuka kazi yote. Haijahesabu kitu!"

"Ah, nimepitiwa."

Isimeli akaongeza mstari mmoja, akabonyeza tena. Likatoka jibu lilelile la Mereoni. Sekunde 3.4.

Nikaiandika, nikaitambua.

"Hiyo tatu nukta nne Kaka Isimeli alikuwa ameshaiandika mwenyewe," nikasema, bado nimeutazama ubao. "Nimeitoa pipani kwake asubuhi. Ina mafuta ya samaki."

Hakuna aliyecheka. Bwana Shalendra akakohoa, akasema programu ya Mere ndiyo itakayotumika. Yale makofi hakuyataja.

"Mchezo tu huo, mbona mnakunja nyuso?" Isimeli akanyoosha kikombe chake, ukingo unang'aa mafuta. "Niongezee chai, dada."

"Birika liko jikoni," nikamwambia.