Presha ya Baba Mkwe

Hakuna aliyemlazimisha Mzee Angetile kuingia kwenye utafiti ule. Goti lilimteguka alipoteleza kwenye mtaro wa shamba lake la kakao, presha alikuwa nayo tangu zamani, na madaktari walitafuta watu wa namna hiyo hasa. Walitaka kujua kama mazoezi yanatuliza goti kuliko vidonge vya maumivu, ambavyo huweza kupandisha presha. Alikubali kwa moyo mweupe. Kisha akamwona nesi aliyepangiwa: Tereza, mke wa mwanawe Lusungu.

Binti wa watu alitoka Sumbawanga, na hakuna aliyemfundisha mila za ukweni. Kwa Wanyakyusa wa rika la Angetile, mkamwana na baba mkwe hawakaribiani, sembuse kugusana. Nyumbani kwao, mtaa wa Bondeni, mzee alijua kumkwepa. Kwenye utafiti hakukuwa na pa kukwepea, maana utaratibu ulitaka mgonjwa apimwe na nesi yule yule kila mara, ili vipimo vilingane. Basi kila mwezi mzee mzima wa kanisa alipandisha suruali hadi juu ya goti, Tereza akamminyaminya, akamfunga mkanda wa presha mkononi huku akimsimulia vituko vya wajukuu. Mzee alijikaza kisabuni, macho darini, moyo ukimwenda mbio.

Angesema neno moja tu angebadilishiwa nesi. Hakulisema. Aliona aibu hata kueleza kwamba anaona aibu, na ukaidi wa aina hiyo hauna kidonge.

Presha ikasomeka juu, mwezi baada ya mwezi. Daktari Marcel akamwongezea dawa, kisha akamwongezea tena. Jumapili moja mzee aliinuka kwenda kutoa sadaka, akaona kanisa linazunguka, akaanguka mbele ya waumini wote. Hospitali walikomkimbiza walikuta presha imeshuka vibaya kwa dawa kuzidi.

Alipopata nafuu, daktari aliwaita ofisini yeye na Tereza, pamoja na Dickson, nesi mwingine, mtoto wa mtaa wa Mbugani anayejua mila zote za Kinyakyusa na asiyejua kufunga mdomo. Tereza pale kazini alijulikana kwa jina la kwao, na hakuna aliyewahi kuuliza undugu.

"Namba hizi haziingii akilini," daktari alisema. "Sista, ulikuwa unampima kweli, au ulikuwa unajiandikia tu? Kama ulibuni, leo hii kazi huna."

"Nilimpima, daktari. Mwulize mwenyewe."

Jibu la mzee lingekuwa fupi. Lakini kulitoa mbele ya Dickson ni kuutangazia mji mzima kwamba mkamwana amemshika goti wazi. Tereza alimtazama mzee bila wasiwasi, kwa sababu shahidi wake alikuwa baba yake. Mzee akainamia kofia yake.

"Nimeelewa," daktari alisema.

Tereza hakulia. Alivua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani taratibu, na hapo mzee akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Alinipima," akasema. "Kila mara. Ni mke wa mwanangu, daktari. Kwetu sisi hanigusi. Akinigusa, moyo unanikimbia."

Dickson akadakia kwamba ndivyo mila ilivyo, hata kusemezana ni kwa kupitia mtu mwingine. Daktari, mgeni kutoka Bukoba, hakuridhika na maneno. Akaagiza wampime hapo hapo. Tereza alifunga mkanda, na namba zikapanda juu mbele ya macho ya wote. Mzee akapumzishwa, Dickson akampima, zikashuka. Daktari akaomba radhi, akamrudishia Tereza kitambulisho chake.

Tereza akakipokea. Mzee alisubiri amwambie lolote, hata amgombeze.

"Tereza, mwanangu," akaanza. Hakuwahi kumwita kwa jina.

Tereza alikuwa ameshageukia ukuta.

"Kaka Dickson," alisema, "naomba umwambie mzee asimeze tena vile vidonge vya nyongeza mpaka daktari ampangie upya. Na umsaidie kusimama."

Ndivyo mkamwana anavyopaswa kusema na baba mkwe, kwa kupitia mtu wa tatu na uso pembeni. Mzee alikuwa amepata heshima yake yote, nayo ilimchoma kuliko kule kushikwa goti.

Dickson hakucheka. Alirudia ujumbe neno kwa neno, na mzee akaitikia kwa kichwa, uso umemshuka.