Mtu wa Karibu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, binti alitunga uzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwenye mto mdogo kando ya cherehani ya mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa fundi wa nguo, tena fundi hasa, ila mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho na tundu la sindano hakulioni tena. Uzi wa sindano zile kumi ukiisha, wateja walisubiri mpaka binti arudi jioni. Kusema ahsante hakukumjia fundi akilini kamwe. Sindano zilikuwepo tu, kama maji ya bomba.

Miaka sita ilikuwa imepita tangu wamzike mwana wa fundi, mume wa huyo binti, kule ugenini. Fundi alipofunga virago kurudi kwao, alimwambia, "Wewe bado kijana. Rudi kwa wazazi wako." Binti hakubishana. Aliinyanyua cherehani, nzito kama jiwe la kusagia, akamfuata. Hata dini ya fundi aliishika, akaisoma kwa bidii kuliko waliozaliwa ndani yake.

Jumatatu moja walikwenda kliniki kumwandikisha fundi kwa upasuaji wa jicho. Binti alishika kalamu, fundi akawa anamtajia majibu.

"Mtu wa karibu?" binti akauliza.

"Andika hakuna. Wangu wote nimeshawazika."

Kalamu ilisita kidogo, kisha ikaandika.

Ijumaa alasiri fundi alikuwa akijiandaa kwa darasa la maandiko la akina mama. Zamu ilikuwa ya kile kisa cha Wayahudi wa kale, cha mjane kijana aliyeacha watu wake na miungu yao ili asimwache mama mkwe wake. Fundi alikuwa amekifundisha kwa miaka ishirini, na kila mara leso zilitoka mikobani. Sasa alisomewa na binti. Alitikisa kichwa kwa raha mpaka wale wawili wa kisa walipofika mjini, wanawake wakaja kuwalaki, na yule mama mzee akalalamika kwamba alitoka amejaa, Mungu amemrudisha mtupu.

"Hebu rudia hapo."

Binti akarudia. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Mtupu, naye mwenzake amesimama kando yake na vumbi la safari miguuni! Miaka ishirini fundi alimsifu yule kijana, asijiulize hata mara moja maneno yale aliyasikiaje. Alitaka kusema neno. Kinywa kikamsaliti, kikasema, "Basi, inatosha. Kapumzike." Kesho yake aliwaambia wenzake wa darasani kuwa hatafundisha, kichwa kinamuuma, na huo ulikuwa uongo.

Siku ya upasuaji karani alipekua faili. "Mama, hapa pameandikwa huna mtu. Nani atakurudisha nyumbani ukiwa umefungwa jicho?"

"Nitamrudisha mimi," binti akasema. "Mimi ni jirani yake."

Hakulisema kwa uchungu. Alimsitiri tu, na hilo ndilo lililomchoma fundi.

"Nipe hiyo karatasi," fundi akamwambia karani.

"Nikuandikie, Mama?" binti akauliza.

"Hapana. Lile la kwanza nilikuandikisha wewe. Hili naliandika mwenyewe."

Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Akakata lile neno, akaandika "binti yangu", herufi zikiyumba kama mshono wa mwanafunzi.

"Majina matatu, Mama," karani akasema.

La kwanza aliliandika. Kisha kalamu ikasimama. Miaka sita chini ya paa moja, naye hakuwahi kuuliza. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mwanangu," akasema bila kuinua uso, "baba yako anaitwa nani?"

Kwenye foleni nyuma yao mtu alikohoa. Binti akavuta kiti, akaketi, akaanza kulitaja jina la baba yake polepole, herufi moja moja, akimsubiri aandike.