Televisheni ya Mama Jezi

Mama Jezi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, pua yake ikikaribia kugusa kioo cha televisheni, shingo ameipinda kama kuku anayemchungulia mwewe. Binti yake wa mwisho, Kitindamimba, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini kwenye zahanati, alisimama mlangoni na mkoba begani. Daktari wa macho alikwisha kuwaeleza: katikati ya macho ya mama pamekufa, pembeni pamebaki.

"Nani ana mpira?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Wekundu."

"Muongo. Wekundu wakiwa na mpira, uwanja hauwi kimya namna hii."

Ni kweli alikuwa amedanganya. Hata yeye mwenye macho mazima hakuwa ameona kitu. Kioo kilikuwa na upana wa sinia ya chai, na wachezaji walihangaika humo kama sisimizi waliomwagiwa maji.

Kwa miaka thelathini na mmoja mama alifua jezi za Wekundu, timu ya mji. Alimjua kila mchezaji kwa uchafu wake: nani alianguka kwa ajili ya wenzake, nani alirudisha shati safi kama la bwana harusi. Wachezaji walimpa jina la Mama Jezi, likalimeza lile la kuzaliwa. Mpira haukuwa burudani kwake. Ulikuwa ofisi aliyostaafu, na alipenda kujua kama kazi bado inafanywa vizuri.

Jioni hiyo Kitindamimba alimpigia simu kaka yake mkubwa, mkandarasi wa barabara, akamwambia nia yake ya kununua televisheni kubwa.

Kaka alicheka. "Ya mtu asiyeona? Huko ni kumpigia mbuzi gitaa. Redio itamfaa. Subiri nije, tutazungumza."

Subiri. Neno hilo Kitindamimba alilitoa kinywani mara mia kwa siku, pale dirishani alipopokea wagonjwa, wala hakuwahi kujua ladha yake. Lilikuwa chungu. Alikumbuka paa walilomsubiri kaka alitengeneze, mpaka likavuja misimu miwili, na miwani ambayo kaka alisema isubiri, mpaka daktari akasema haina kazi tena.

"Kaka, sikuwa naomba ruhusa," alisema. "Nilikuwa nakuarifu."

Akakata simu. Usingizi alioulala siku hiyo ulikuwa mzito.

Jumamosi walikwenda dukani, mama ameshika kiwiko cha bintiye. Ukuta mzima ulikuwa televisheni, zote zikionyesha maua yaleyale yakichanua kwa pamoja. Muuzaji, bwana wa makamo mwenye tai fupi, aliwapeleka moja kwa moja kwenye ile ya bei ya kutisha. Kisha akaiona shingo ya mama ilivyopinda, akapunguza sauti.

"Dada, kwa huyu bibi hata ile ndogo ya jikoni ingetosha. Si haoni?"

"Naona kwa pembeni, mwanangu," Mama Jezi alijibu. "Ndiyo maana nimekuona ukicheka."

Tabasamu la muuzaji lilikosa pa kukaa.

"Tuondolee maua," Kitindamimba alisema. "Tuwekee mpira."

Ukawekwa. Kwenye ile ya bei ya kutisha jezi ziliwaka kama makaa. Mama akatikisa kichwa. "Huo si wekundu, hiyo ni peremende. Mtu hachezi ndani ya peremende."

"Rangi zimeongezwa kwa ajili ya duka," muuzaji alikiri.

"Basi weka kama itakavyokaa sebuleni kwetu."

Alibonyeza, na nusu ya uzuri wa kioo kile ikazimika pale pale. Ya pili ilikuwa kubwa kuliko zote na rahisi kuliko zote; mpira ulipopigwa ukakokota mkia wa kivuli nyuma yake. Kitindamimba hakusubiri kuuliza. "Hapana."

Ya tatu ilikuwa kwenye kona, fremu nene, vumbi mgongoni. Mama aliisogelea hatua mbili, akageuza kichwa kushoto, akakaa hivyo. Kamera ilikuwa imemvuta karibu mchezaji mmoja.

"Namba sita ana tope gotini," mama alisema polepole.

Kitindamimba alitazama. Goti la kulia, tope lenye umbo la jani. Ilibidi ageukie upande wa majokofu kwa muda.

"Hiyo ni toleo la mwaka jana, mama," muuzaji aliwahi. "Haina hata uwezo wa kuongea na simu yako."

"Na mimi je, ni wa mwaka gani?"

Kuanzia hapo binti alishika usukani. Hii ni ya maonyesho, alisema, imewashwa miezi. Lete iliyo kwenye boksi, au shusha bei. Likaletwa boksi. Alitaka iwashwe mbele yake, akapitisha kidole kila pembe ya kioo, akasikiliza sauti, akadai waranti iandikwe na kugongwa muhuri. Waya wa ziada, ambao muuzaji alitaka kuuuza, aliishia kuutoa bure. Alilipa kile alichopanga kulipa, na kikabaki cha teksi.

Kaka alifika Jumapili mchana, redio mpya kwapani. Alisimama katikati ya sebule akiukagua ukuta uliobeba televisheni mpya kama anayekagua barabara ya mkandarasi mwenzake.

"Picha yangu ya mahafali iko wapi?"

"Chumbani," Kitindamimba alisema. "Ukuta ulikuwa mdogo."

"Hukunisubiri."

"Nimesubiri vya kutosha, kaka. Karibu kiti."

Hakukaa. Mama alimshukuru kwa redio, akasema itamfaa jikoni, pembe za macho yake hazikuacha mchezo. Filimbi ya mwisho ikalia. Kamera ikazunguka uwanjani, ikamkuta kijana amechuchumaa, amejifunika uso kwa shati.

"Huyo anayelia," mama aliuliza, "ni wetu au wao?"

Kaka alisogea hatua moja. Alimtazama mama, akaikazia macho rangi ya shati kwenye kioo, akamtazama dada yake, naye dada yake hakumsaidia.

"Ni wao, mama," alisema hatimaye, akainama kuvua viatu.