Ushahidi wa Kuazima

Kwa miaka kumi na mmoja Darlene Piaskowski alifua mashuka katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Alpena, na alikuwa hajawahi kuhutubia watu zaidi ya wanne. Chama cha wafanyakazi kilipomwomba aende Lansing, makao makuu ya jimbo, akawaeleze wabunge wa jimbo kwa nini marejesho ya kodi kwa wenye kipato kidogo yaongezwe, alicheka. Kisha akakubali, maana aliona haya kukataa.

Mbele ya kamati ya wabunge alianza vizuri. Alitaja mshahara wake, mgongo wake, pango linalopanda kila mwaka. Ndipo mbunge mmoja mzee, Lindqvist, akamuuliza kwa upole kabisa: "Mama, mwaka jana ulirejeshewa. Zile fedha zilikusaidia nini?"

Swali hilo hakulitarajia. Ukweli ni kwamba alimpeleka bintiye Josie kwenye hoteli yenye bwawa la ndani, wakalala siku mbili katikati ya theluji ya Februari. Mtoto aliogelea mpaka vidole vikakunjamana, wakala piza kitandani. Darlene aliutazama ukuta wa mbao, akaona jinsi jambo hilo litakavyosikika chumbani humo.

"Giaboksi ya gari ilikufa," akajisikia akisema. "Mume wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hospitali iko mbali. Bila zile fedha nisingekuwa naye leo."

Darlene hakuwa na mume. Mume huyo alikuwa Ray, mume wa Twyla Hebert, mwenzake katika kazi ya kufua. Lindqvist alivua miwani akajifuta macho. Nyuma ya Darlene watu wakapiga makofi, naye akatamani sakafu immeze.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Twyla anakunja mashuka peke yake.

"Umesema vizuri," Twyla alisema bila kugeuka. "Kikao kilirushwa moja kwa moja, tukakutazama kwenye simu, kantini nzima. Ray naye nyumbani alikuwa anatazama. Kanipigia, kaniuliza, 'Huyu kaolewa lini?'"

"Twyla, nisamehe. Sijui kilichonipata."

"Unajua sana. Uliona ya kwako ya kipuuzi."

"Bwawa la kuogelea, shoga! Wangesema ndio hawa, ukiwapa hela wanakwenda kuogelea."

"Si wangesema! Kwani uliiba? Unafua mavi ya watu mwaka mzima, mwanao akiogelea siku mbili kuna nini?" Twyla alilitupa shuka mezani. "Ray hakutaka hata kanisani wajue. Mimi nilikuambia wewe, wewe tu. Leo asubuhi watu watatu wameniuliza kama ni yeye."

Darlene alilichukua shuka, akaanza kulikunja. Uso ulimwaka mpaka masikioni.

Saa ya chakula alikaa ndani ya gari lake akaiandikia kamati barua kwa mkono: kwamba hana mume, kwamba alisema uongo, na fedha zilikwenda wapi hasa. Aliichana mara mbili. Ya tatu aliitia posta haraka, kabla hajabadili nia. Jioni alipeleka nakala kwa Ray.

Ray aliisoma akiwa amesimama mlangoni, bandeji mkononi.

"Kwa hiyo umejiozesha kwangu bila hata kuniuliza," alisema. Alijaribu kucheka. "Haya, Darlene. Nimekusikia." Lakini hakumkaribisha ndani.

Kamati ilimjibu kwa mistari miwili: barua imepokelewa, imewekwa kwenye kumbukumbu. Majuma sita baadaye muswada wa kuongeza marejesho ulipita, na Lindqvist, aliyesemekana tangu mwanzo kuwa angeupinga, aliuunga mkono. Kama aliisoma barua ile, Darlene hakupata kujua. Kama kura yake ilitokana na uongo ule, hilo nalo hakulijua, na ndilo lililomsumbua zaidi.

Chama kilileta keki kazini. Mwenyekiti akamkumbatia: "Ni wewe, mama! Hadithi yako ndiyo iliyowageuza!"

"Haikuwa yangu," Darlene alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilidanganya. Ilikuwa ya mtu mwingine, na sikumwomba ruhusa."

Watu walitazama sahani zao. Mwenyekiti akakohoa, akakata keki vipande vingine. Twyla, aliyekuwa karibu na dirisha, hakumtetea wala hakuondoka. Darlene alibaki amesimama katikati yao, asijue mikono aiweke wapi.