Kondoo wa Loserian

Daktari alimkataza Silantoi kuinua mizigo na kulima kwa muda. Kucheka hakumkataza, na huko ndiko alikokosea, maana bajaji ilikuwa haijamaliza hata kona za Olkokola na mshono ulikuwa umeshaanza kumchoma.

"Kalamu nusura itoboe karatasi!" alisema, kanga ameikandamiza tumboni. "Lesian, ulisaini mbio!"

"Wewe nyamaza," mumewe alimjibu, lakini naye mabega yalikuwa yanamtikisika.

Asubuhi ile Lesian alimwandama daktari kwa maswali. Je, mke akifunga kizazi atabaki na nguvu? Hatakuwa baridi, kama Anna jirani alivyosema? Daktari akamwangalia kwa upole. "Kama una wasiwasi naye, baba, tunaweza kukufunga wewe. Ni kazi ndogo zaidi." Hapo maswali yote yakaisha, akaivuta fomu ya idhini ya mkewe akasaini.

Uamuzi wenyewe haukuwa wa kuchekesha. Wana mabinti wanne, na kwa huyu wa mwisho, Namelok, Silantoi alivuja damu mpaka mchungaji akaitwa kumwombea. Baada ya hapo alichoma sindano ya kuzuia mimba, akawa anasahau tarehe. Akataka kijiti, Anna akamwapia kwamba cha shemeji yake kilitoka mkononi kikatembea mpaka shingoni. Basi akachoka, akasema bora afunge moja kwa moja. Lesian, aliyekaa sakafuni nje ya wodi siku ile ya damu, hakungoja kuambiwa mara mbili.

Kilichobaki kilikuwa mama yake Lesian, Bibi Tabea, na kondoo wake.

Kwao Waarusha, mwanamke akijifungua huchinjiwa kondoo dume, akanyweshwa mafuta yake ili arudishe nguvu. Kondoo huyu, Tabea alimfungia bandani tangu Namelok anajifunza kutembea, akamlisha majani ya viazi na maganda ya ndizi mpaka akawa anahema kwa kusimama tu. Kila mtu alijua anamngoja nani: mtoto wa kiume, atakayepewa jina la marehemu mume wake, Loserian. Asubuhi kondoo alisalimiwa kabla ya watu. Silantoi aliogopa jambo moja tu, kwamba bibi akijua hakuna Loserian tena, atakwenda kwa wazee wa ukoo kumwombea mwanawe mke wa pili.

"Tutasema ulitolewa uvimbe," Lesian alinong'ona walipofika.

Tabea alikuwa amesimama mlangoni. Akawatazama wote wawili, macho yamewajaa machozi ya kicheko. "Wamekukata?"

"Uvimbe, Yeyo," Lesian alimdakia mama yake. "Mdogo, kama harage."

"Aliyekatwa kisu anachinjiwa," bibi akasema. "Mtoe kondoo."

Wale wawili wakatazamana. Waarusha wazima, wamezaliwa hapo hapo chini ya Meru, na katika kupanga uongo wao wote hawakukumbuka kwamba hata mgonjwa wa kisu huchinjiwa! Lesian alijaribu kusema kondoo bado mdogo. Kondoo alikuwa hapiti mlangoni kwa unene.

Basi akachinjwa, na harufu ya nyama ikaita majirani. Silantoi akiwa kitandani alimsikia mumewe uani akijieleza. Kwa Anna uvimbe ulikuwa kama kiazi. Akina mama wa kanisani walipofika kushukuru, ulikuwa umefika kabichi. Silantoi aliuma mto. Alicheka huku anaumia, na chini ya kicheko aibu ilikuwa inamla, kwani watu walikuwa wanamshukuru Mungu kwa kabichi ambalo halikuwapo, na kondoo wa Loserian alikuwa sufuriani.

Tabea aliingia na bakuli la mafuta ya moto, akafunga mlango.

"Yeyo, siwezi kunywa," Silantoi alisema, na safari hii hakucheka. "Hakuna uvimbe. Nimefunga kizazi. Huyu kondoo hakuwa wangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Mtu aliyetolewa uvimbe harudi anachekacheka na mumewe kama wachumba. Nilijua tangu mlangoni."

"Na bado ukamtoa?"

"Alikuwa wa mzazi. Wewe si mzazi? Wanne wale nimewaokota?" Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda. Bakuli akaliweka mapajani. "Loserian nilimzika mimi mwenyewe, mwanangu. Siku ile ya damu nilikaa nikaanza kuwaza pa kukuzika na wewe. Halafu ulipopona, nikanunua kondoo, nikamngoja mtoto mwingine. Akili gani ile?"

Machozi yalimtoka Silantoi yenyewe, na alimpenda yule mama kuliko alivyowahi kumpenda siku yoyote.

Huko nje sauti ya Lesian ikapanda: "Kama tikiti! Daktari mwenyewe alishangaa!"

Kicheko kiliwapata wote wawili kwa pamoja. "Yeyo, mshono!" Silantoi alilia, amejikunja. Tabea aliweka bakuli chini, akapitisha mkono chini ya kanga, akabandika kiganja chake juu ya kile kidonda na kukishikilia kwa nguvu.

"Cheka," alisema. "Nimekushika. Ukimaliza unywe, mafuta yanaganda."