Jicho la Pili la Keshava

Kwa idhini ya baraza la hekalu, ilitangazwa kwa ngoma kwamba mbuzi hawataruhusiwa kulala kwenye jukwaa la mashariki siku ya kufumbuliwa macho kwa mungu Keshava. Mbuzi hawakuhudhuria tangazo hilo.

Ndani, nyuma ya nguzo zilizokerezwa hadi zikang'aa kama pembe, Machoja alisimama mbele ya sanamu aliyoichonga mwenyewe, mkufu kwa mkufu, kidole kwa kidole. Yalisalia macho tu. Kabla ya macho, hilo ni jiwe. Likiwa na kasoro hutupwa mtoni, na mchongaji huanza upya. Baada ya macho ni mungu, na patasi haimgusi tena. Mchongaji ambaye mungu wake amepasuka hachongi tena chochote maishani mwake.

Akaligonga paji la uso kwa nyundo ndogo. Jiwe zima hulia kama kengele. Hili lilitoa sauti ya chungu kibovu.

"Shemeji," Machoja alimwita Baichoja, msimamizi wa wachongaji, aliyemwoa dada yake. "Jiwe limekohoa."

"Lipe tangawizi."

"Sitanii. Lina ufa ndani."

"Unauona?"

"Nausikia."

"Kwa masikio hayo hayo yaliyomsikia dada yako akinisifu?" Baichoja akashusha sauti. "Sikiliza, bwana. Nje yuko liwali, wako ng'ombe na ndama wake ambao mungu atawatazama kwanza, yuko mnajimu na saa yake njema. Ukinyamaza, jina lako linachongwa hapa miguuni. Ukisema, utachonga mawe ya kusagia dengu mpaka uzeeke. Haya, chagua."

Wanajimu wetu hawajawahi kukosea saa, kwa kuwa hakuna anayewauliza baadaye. Kengele ikalia. Machoja akasimama ubavuni mwa sanamu, kwani mtazamo wa kwanza wa mungu humuunguza mtu. Mkono wake akawa anautazama kwenye kioo cha shaba, asiuangalie uso wenyewe. Kabla ya kuinua patasi ya dhahabu, alipatupia jicho mahali ambapo jina lake lingekaa. Akagonga.

Jicho la kulia likafumbuka. Kutoka pembeni mwake ufa mwembamba kama unywele ukashuka shavuni, taratibu, ukapita kando ya mdomo, ukakoma kidevuni.

Patasi ilibaki hewani.

"Malizia," Baichoja alinong'ona.

"Nikigonga tena, uso utaanguka."

"Na usipogonga?"

Nje, ng'ombe alianza kulia.

Baraza lilikaa hadi alasiri. Mwenye jicho wazi ni mungu, hivyo hatupwi. Mwenye ufa haabudiwi. Na ambaye hajakamilika hawezi kusemwa kwamba amepasuka. Likaamua kwa kauli moja: pazia literemshwe mbele ya sanamu, jina la Machoja liandikwe kwa chokaa, lisichongwe, yeye mwenyewe aketi nyuma ya pazia, patasi mkononi, akingoja saa njema nyingine, na mbuzi wasilale kwenye jukwaa la magharibi pia.