Ukuta Uliorudi Ndani Kidole Kimoja

Fundi Timazi hakupewa jina hilo bure. Miaka nenda miaka rudi alijengea watu nyumba, na kuta zake zilinyooka kama timazi, ule uzi wa kupimia aliokuwa haachani nao. Alijijua, na alijisifu bila haya. Basi siku kaka yake mkubwa, fundi wa kukarabati magofu ya mji mkuu wa kale, alipoleta picha ya ukuta aliouziba, Timazi aliangua kicheko mbele ya ukoo mzima. Kiraka kilikuwa kimebonyea ndani, upana wa kidole. Akasema kaka kazeeka mpaka macho. Watu wakashika mbavu. Kaka naye akacheka, akairudisha picha mfukoni, akasema, "Njoo uone mwenyewe."

Aende wapi! Leo ana zege, kesho ana lipu, keshokutwa mgongo unamsumbua. Kila simu kaka aliuliza atakuja lini, na kila simu Timazi aliuliza kama ukuta umeshanyooka. Utani wa ndugu tu, alijiambia. Mpaka ikaja simu ya shemeji yake, mke wa kaka, naye analia. Wakamzika kaka kwao, Timazi akarudi kazini.

Sasa ndiyo kaja magofuni, mgeni kati ya wageni wenye kofia na chupa za maji, shemeji mbele akimwonyesha njia. Mji wenyewe, usingeambiwa, ungesema ni shamba la mawe. Hapa lilikuwa lango la mfalme, pale ukumbi wa hukumu, na majani yameota walipokaa wakubwa. Timazi alipita akitafuta jambo moja tu.

Akaliona. Kila ukuta ulikuwa na kiraka, na kila kiraka kimerudi ndani kidole kimoja. Akatoa uzi wake, akauteremsha. Kiraka kimenyooka juu mpaka chini. Akamgeukia shemeji, maana mtu hakosei vilevile kila mahali.

"Shemeji, kumbe alifanya makusudi?"

Shemeji akamshangaa. Ndiyo kazi ya hapa, alimweleza. Kipya hurudishwa ndani kidogo ili anayepita ajue watu wa kale waliishia wapi na sisi tulianzia wapi. Mbona hakuniambia, Timazi akauliza. Shemeji akajibu taratibu kwamba kaka alijaribu mara moja, kwa ile picha. Timazi alikosa pa kuweka uso. Fundi mzima, ndugu wa damu, na siku zote hizo hakuwahi kuuliza kwa nini.

Penye lango palikuwa na tundu ambalo marehemu hakuwahi kuliziba. Msimamizi wa magofu alipoambiwa huyu ndiye mdogo mtu, aliagiza chokaa ichanganywe. Habari zake alizisikia sana kwa kaka, msimamizi alisema. Marehemu alikuwa akimsifu kwamba mkono wa mdogo wake unampita yeye kwa mbali. Maneno hayo yalimwingia Timazi vibaya kuliko tusi.

Akakunja mikono ya shati, akapanga mawe huku machozi yakimtoka. Alipomaliza alipitisha kiganja. Ukuta umelingana kabisa, jiwe la kale na jipya huwezi kuyatenga. Shemeji akatazama chini. Msimamizi akakohoa.

"Fundi, samahani. Hayo itabidi uyatoe."

Ndipo akaona alichofanya. Ameelezwa sasa hivi, kwa masikio yake, na mkono bado umefuata mazoea. Akayatoa mawe moja moja, chokaa ingali mbichi. Kisha akaenda kwenye kiraka cha jirani, cha kaka, akalaza kidole ukingoni kupima, akakiacha pale kitambo. Akarudi, akajenga upya.

Alikuwa ananawa walipopita wageni wawili. Mmoja akanyoosha kidole kwenye kile kiraka cha kaka, akasema fundi huyu lazima alikuwa amelewa, wakacheka. Timazi alifungua kinywa awaeleze yote, kuhusu watu wa kale, kuhusu kaka. Badala yake akajikuta anacheka nao, vilevile kaka alivyocheka siku ile ya picha, na kwa mara ya kwanza akajua kicheko kile kilivyomuuma kaka.